Chumba kimsikilize mwandishi, kisimsahihishe

Chumba cha kuandikia sasa kinaweza kufungwa vihisi na vipaza sauti vinavyofanya kazi vyenyewe: ukiketi, taa inawaka na arifa za simu zinanyamaza, ukitamka, maneno yananaswa. Wanaoutetea mpango huu wana hoja. Mazungumzo ya tamthilia yakisemwa kwa sauti hujulikana upesi kama yana uhai, na watunzi wengi wa mashairi hupima mizani kwa sikio kabla ya kushika kalamu.

Upande wa vifaa, kero hazikosi. Kihisi cha kawaida cha mwendo hunasa joto la mwili linaposogea, kwa hiyo ukitulia kuwaza hudhani umetoka na kukuzimia taa. Kwenye joto la pwani huzidi kukosea, maana mwili na ukuta vinakaribiana joto. Ongeza muda wa kuzima hadi dakika 30, au tumia kihisi cha rada, ambacho hutambua hata kifua kinavyopanda kwa pumzi. Kipaza sauti kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, mbali na upepo wa feni.

Unukuzi, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi, ndio wenye hatari zaidi. Whisper, programu ya unukuzi ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa 2022, husoma sauti kwa vipande vya sekunde 30, na penye ukimya huweza kubuni maneno. Kosa la tahajia utaliona. Sentensi iliyobuniwa husomeka vizuri, na baada ya wiki mbili hujui kama ni yako. Kata ukimya kabla ya kunukuu, na usifute rekodi.

Mshairi ana balaa lake. Akitamka “mato” kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ili kina kiwe -to, programu iliyozoea Kiswahili sanifu inaweza kuandika “macho”. Maana imebaki, kina kimevunjika. Mistari nayo hukatwa penye pumzi, si penye mizani ya nane.

Faragha inaweza kulindwa: Whisper hufanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti, hivyo sauti za watoto na wageni hazitoki nyumbani. Ila kompyuta dhaifu hulazimisha modeli ndogo, yaani toleo jepesi la programu, na modeli ndogo hukosea Kiswahili zaidi.

Mapendekezo ya sentensi inayofuata ambayo mashine hutoa, kwa maoni yetu, yazimwe hadi rasimu ya kwanza iishe. Yakiruhusiwa baadaye, yaje kwa maandishi pembeni, kwani sauti ya mashine hukatiza mstari ambao bado uko kinywani.