Maarifa ya jumla hayajengwi kwa desa la usiku mmoja

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa tangazo la kuitwa kwenye usaili, magrupu ya WhatsApp na Telegram hujaa swali lilelile: "Wakuu, nani ana maswali ya kada hii?" Jioni haijaingia, mtu ameshaleta desa, yaani mkusanyo wa maswali na majibu ya kukariri. Kurasa nyingi, malipo kwa simu, na ahadi kwamba humo ndimo maswali yanamotoka. Watu wasio na kazi, wengine kwa hela ya kuazima, wanatuma. Biashara hii naipinga kwa moyo wote, na hela yenyewe siyo sababu yangu kubwa. Desa linamzoesha kijana kujiandaa kwa njia itakayomwangusha.

Ushindani wenyewe ni mkali kiasi gani? Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipoita waombaji, zaidi ya watu elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliita zaidi ya watu 112,000 kugombea nafasi 1,596, yaani watu kama 70 kwa kila kiti. Wengi wao wana shahada zinazofanana na ufaulu unaokaribiana. Ukiwauliza masomo yao ya chuo peke yake, utabaki na maelfu waliofungana. Maswali ya maarifa ya jumla na ya mantiki yanaingia hapo: yanamtafuta mtu anayeifahamu nchi anayokwenda kuihudumia na anayeweza kufikiri akiwa na presha ya muda. Kwa maoni yangu hilo ni jambo halali kabisa kuliuliza. Afisa wa halmashauri asiyejua mipaka ya madaraka ya Zanzibar na ya Bara, au asiyeweza kukokotoa asilimia bila kikokotoo, atawaumiza wananchi dirishani.

Sasa tazama desa linavyomwangusha mtu. Karibu kila desa lina swali hili: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika lini? Jibu, 26 Aprili 1964. Linaishia hapo. Mtunga mtihani haishii hapo. Anaweza kukuuliza lipi kati ya haya si jambo la Muungano: uraia, ulinzi, afya au elimu ya juu. Aliyekariri tarehe hana pa kushika. Aliyeifungua Katiba ya 1977 na kusoma Nyongeza ya Kwanza, yenye orodha ya mambo 22, anajua kwamba afya haimo, na ndiyo maana Zanzibar ina Wizara yake ya Afya. Anajua pia kwamba Baraza la Taifa la Mitihani limo, na ndiyo maana mtoto wa Pemba na mtoto wa Rukwa wanakaa kwenye mtihani mmoja wa kidato cha nne. Katiba hiyo ipo kwa Kiswahili na kuisoma ni bure. Inanishangaza kuona watu wakinunua kurasa za majibu kabla hawajasoma hata hiyo nyongeza yake, ambayo ni ya dakika chache tu.

Historia nayo isomwe kama kisa kimoja. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962 akajiuzulu ili akijenge chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, tukawa Jamhuri na Nyerere akawa Rais. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na kabla miezi minne haijatimia Muungano ukafanyika. Azimio la Arusha ni 5 Februari 1967. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar zikaungana kuwa CCM tarehe hiyohiyo ya Februari, miaka kumi baadaye, na Katiba tunayoitumia ni ya mwaka huohuo wa 1977. Vyama vingi vikarudi 1992, uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo ukafanyika 1995. Ukiifuata hivi, kila tukio linakusukuma kwenda lingine. Ukiulizwa Waziri Mkuu wa Tanganyika katikati ya mwaka 1962 alikuwa nani, hutalitaja jina la Nyerere kwa mazoea tu, kwa sababu unajua alishatoka Januari.

Kuna tatizo jingine la madesa, la wazi zaidi: yamepitwa na wakati na hakuna anayeyasahihisha. Bado yanazunguka madesa yanayosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama sita. Ilikuwa hivyo mpaka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga 2022, kisha Somalia 2024, zikawa nane. Mengine yanaifundisha OPRAS kana kwamba ndiyo inayopima utendaji wa mtumishi leo, wakati Serikali imeshahamia mfumo mwingine, PEPMIS. Yanaitaja Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025 tu, ilhali Dira ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Usiniulize kuhusu majina ya mawaziri. Mtu amekesha akikariri jibu lililokufa, tena kwa uhakika mkubwa, na anakwenda kulichagua bila hata kusita.

Mambo ya sasa, kwa hiyo, hayana njia ya mkato. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, gazeti moja lililosomwa kwa makini, hotuba ya bajeti ya Juni na zile za wizara kabla yake. Hotuba hizo zinachosha, nakubali, lakini humo ndimo Serikali inajieleza yenyewe kwa namba. Unaposoma, jiulize kitu hiki kimeungana na kipi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko Mto Rufiji. Treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 inatumia umeme. Dodoma ndiyo makao makuu. Mtu anayeziona habari hizi kama kitu kimoja anaweza kujibu maswali matano ambayo hajawahi kuyaona mahali popote. Pembeni weka ramani. Mikoa 31, 26 Bara na mitano Zanzibar, ipi inapakana na nchi gani, ziwa gani liko wapi. Ukiweza kuuchora mpaka wa nchi kwa mkono wako na kuzitaja nchi jirani nane kwa kuuzunguka, maswali ya jiografia hayatakutisha tena.

Sehemu ninayoona imepuuzwa kuliko zote ni maadili ya utumishi wa umma. Watu wanaimba misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, matumizi sahihi ya taarifa. Kuimba ni rahisi. Sasa tuseme uko dirishani, foleni ni ndefu, na mjomba wako aliyekusomesha amesimama mwishoni akiwa mgonjwa. Mbele kuna mama aliyefika alfajiri. Unafanya nini, na kwa msingi upi? Au mkuu wako anakuagiza kwa mdomo umpe mtu wa nje taarifa ya mtumishi mwenzako. Utii kwa Serikali unasema nini, matumizi sahihi ya taarifa yanasema nini, na yakigongana unaanza na lipi? Kaeni wawili watatu mjadiliane kesi za namna hii. Jioni moja ya mjadala kama huo ina faida kuliko kuiandika orodha mara ishirini, na itakufaa tena siku ya mahojiano ya ana kwa ana, ambapo hakuna herufi ya kuchagua.

Nije kwenye mantiki na hesabu, mahali wengi wanapokata tamaa mapema. Naelewa inatoka wapi. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa somo linaloangusha watahiniwa wengi sana wa kidato cha nne, na aliyekwenda mchepuo wa sanaa aliachana nalo akishukuru. Baada ya miaka saba au minane anakutana nalo tena kwenye chumba cha usaili. Mantiki ni mkono: usipotumika unakakamaa, ukitumika kila siku unalainika. Wala hesabu zenyewe si za chuo kikuu. Ni sehemu, asilimia, uwiano, kasi, wastani, mfululizo wa namba. Nenda kavitafute vitabu vya darasa la sita na la saba, kisha vya kidato cha kwanza na cha pili, uvimalize bila kuona haya.

Na usikariri kanuni usiyoielewa. Mafundi sita wanajenga ukuta kwa siku kumi, mafundi wanne watatumia siku ngapi? Anayetafuta kanuni kichwani mara nyingi huigeuza na kupata siku sita na ushee, bila kushtuka kwamba mafundi wamepungua na kazi imekwisha mapema zaidi. Anayefikiri anasema: sita kwa siku kumi ni kazi ya siku 60 za fundi mmoja, nikiwagawia wanne ni siku 15. Bidhaa ya shilingi 50,000 ikipanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20, hairudi 50,000. Imepanda hadi 60,000, na asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000, kwa hiyo inabaki 48,000. Leo ni Jumatano, siku 100 zijazo itakuwa siku gani? Wiki 14 ni siku 98, zinabaki mbili, basi ni Ijumaa. Mfululizo wa 2, 6, 12, 20, 30 unaongezeka kwa 4, 6, 8, 10, kwa hiyo unaofuata ni 42. Maswali matano ya aina hii kila asubuhi, saa mezani, kikokotoo mbali. Yafanye hata kabla hujaitwa popote, kwa sababu ukisubiri tangazo, muda hautakutosha.

Maswali ya hoja yana mtego wa peke yake. "Watumishi wote wa halmashauri hii wana vitambulisho. Juma ana kitambulisho." Je, Juma ni mtumishi wa halmashauri hii? Wengi watajibu ndiyo. Jibu sahihi ni kwamba haijulikani, kwa sababu hatujaambiwa kwamba wenye vitambulisho ni watumishi peke yao. Watu wenye akili nzuri wanaanguka hapa kwa kuwa wanaleta wanayoyajua mtaani kwenye swali linalotaka utumie sentensi zilizoandikwa tu. Soma kilichoandikwa, usisome unachokitarajia. Chora miduara ukihitaji. Na kama karatasi yako itakuja kwa Kiingereza, basi fanya mazoezi yako kwa Kiingereza, maana swali jepesi humpotea mtu kwa sababu ya neno dogo moja alilolipita haraka.

Najua kuna msomaji ambaye amefika hapa huku akisema moyoni kwamba haya yote ni bure, kazi zina wenyewe. Simkemei. Mtu aliyekaa mtaani miaka mitano akiona majirani wanapita juu yake ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini katika hatua zote za kuomba kazi serikalini, mchujo wa kuandika ndio ninaouamini zaidi, kwa sababu hapo unapimwa kwa majibu yako, na mtoto wa mkulima asiye na simu ya kumpigia mtu yeyote anaweza kumpita mtoto wa mkubwa kwa alama. Kuuacha uwanja huo bila kujiandaa ni kuwaachia wengine nafasi iliyokuwa yako. Usaili wa kuandika kwa kompyuta, unaofanyika mikoani, umepunguza pia adha ya kijana wa Kagera kuazima nauli ya kwenda Dodoma kwa mtihani wa saa moja. Ambaye hajazoea kompyuta aombe kwa rafiki au aende kwenye kibanda cha intaneti, azoee kusoma kwenye skrini na kutumia kipanya, ili siku hiyo mashine isimle dakika.

Nina ombi kwa Sekretarieti ya Ajira pia, na ninaliandika kwa heshima. Baraza la Mitihani limekuwa likichapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo: swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, jibu zuri lilikuwaje, jibu baya lilikuwaje. Mwalimu wa sekondari kijijini anaufungua na kuufanyia kazi darasani. Usaili wa kazi unastahili kitu cha namna hiyo. Kila baada ya mzunguko mmoja wa usaili, yawekwe wazi maswali kadhaa yaliyotumika kwa kila kundi la kada, majibu yake, na maelezo ya wapi waombaji wengi walipotelea. Maswali yaliyokwishatumika hayahitaji kufichwa milele, na hazina ya maswali inaweza kuendelea kujazwa. Kijana aliyepata alama 38 angejua kama aliangushwa na sheria za utumishi, na hesabu au na kusoma haraka mno, na angejua pa kuanzia kabla ya tangazo linalofuata. Na wale wanaouza madesa kwenye magrupu wangelazimika kushindana na nyaraka sahihi, iliyotolewa bure na mwenye mtihani mwenyewe.