Kabla ya kuuliza bei, uliza lori ni la nani

Katika jiji la Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, wapo wasemaji wengi wa Kiswahili ambao hawakuanzia hapa maisha yao ya Marekani. Familia za Kikongo na Kirundi zilizotoka katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma zilipangiwa kwanza Texas, Arizona au kwingineko, zikakaa huko miaka kadhaa, kisha zikasikia kutoka kwa ndugu na jamaa kwamba huku kodi ya nyumba inabebeka na viwanda vya nyama vinaajiri hata mtu ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubahatisha. Safari yao ya kwanza, ile ya kuvuka bahari, ilipangwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na mzigo ulikuwa begi. Hii ya pili wanaipanga wenyewe, na safari hii kuna makochi, vitanda vya watoto, friza na televisheni ya ukutani. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza la anayehama lisiwe bei. Swali la kwanza liwe: lori litakalokuja kupakia vitu vyangu ni la nani?

Nasema hivyo kwa sababu ukitafuta kampuni ya kuhamisha mizigo kwenye intaneti, kurasa nyingi zinazotangulia si za wenye malori bali ni za madalali. Udalali wa mizigo si kosa nchini Marekani. Dalali anayeshughulikia vyombo vya nyumbani kutoka jimbo moja hadi jingine anatakiwa kusajiliwa na FMCSA, ambayo ni mamlaka ya usalama wa magari ya biashara iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na anatakiwa kuwatumia wasafirishaji waliosajiliwa tu. Tatizo ni namna kazi yenyewe inavyokwenda. Yule kijana mchangamfu wa kwenye simu anakutajia bei, anachukua kishika uchumba, kisha anaiuza kazi yako kwa mwenye lori ambaye hajawahi kuona kochi lako hata kwenye picha. Siku ya kupakia, mwenye lori anafika, anatazama mzigo, anatikisa kichwa na kusema kwamba hayo si makubaliano aliyopewa. Wakati huo mkataba wako wa pango unaisha kesho, watoto wamekwisha kuagana na walimu wao, na huna pa kwenda. Bei mpya inakubaliwa si kwa sababu ni ya haki, bali kwa sababu hakuna nafasi ya kuikataa.

Kujua unaongea na nani si kazi ngumu. Kila kampuni inayobeba vyombo vya nyumbani kuvuka mpaka wa jimbo lazima iwe na namba ya USDOT, yaani namba ya usajili ya Wizara hiyo ya Uchukuzi, na namba hiyo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Mahali pazuri pa kuanzia ni tovuti ya serikali ya protectyourmove.gov. Kumbukumbu za usajili zinaonyesha kama kampuni ni msafirishaji au dalali, ina magari mangapi, na bima yake ipo hai au imekatika. Kampuni inayojitangaza kuwa inafika kila jimbo, lakini kwenye kumbukumbu ina magari mawili, imekwisha kujieleza yenyewe. Vilevile mtu anayesitasita kukutajia namba yake ya USDOT, au anayetaka sehemu kubwa ya fedha itangulie kwa njia ambayo haiwezi kurudishwa, hafai kupewa hata kabati bovu.

Anayehamia jiji la ukubwa wa wastani ana jambo jingine la kuangalia, ambalo anayehamia Chicago halimsumbui sana. Des Moines ilikuwa na watu wapatao 214,000 katika sensa ya mwaka 2020. Si kijiji, lakini pia si mahali ambapo malori ya kampuni kubwa yanaingia kila asubuhi na vyombo vya watu. Familia yenye vyumba viwili vya vitu haijazi semitrela, kwa hiyo mzigo wake huchanganywa na wa familia nyingine zinazoelekea upande huo, na lori hushusha mmoja baada ya mwingine. Huo si utapeli, ni utaratibu wa kazi. Lakini maana yake ni kwamba mkataba utataja kipindi cha kufikisha mzigo badala ya siku moja, na kipindi hicho kinaweza kuwa kirefu kuliko subira ya watoto wanaolala sakafuni. Iulize kampuni kama lori litakuwa lako peke yako au la kuchangia, na tarehe zote mbili, ya kwanza na ya mwisho, ziandikwe kwenye karatasi.

Kwa sababu hiyo napendelea kuanza kutafuta kampuni kule unakokwenda, wakati wengi huanza kule wanakotoka. Barabara kuu ya I-35 inatoka Dallas, inapita Oklahoma City, Wichita na Kansas City, hadi Des Moines. Ni takribani kilomita 1,100, umbali unaokaribia ule wa Dar es Salaam hadi Mwanza. Kampuni ya Des Moines iliyompeleka mteja Texas ina lori ambalo lazima lirudi nyumbani, na lori linalorudi tupu ni hasara tupu. Ukiipigia simu mapema na tarehe zako zikawa na nafasi ya kusogezwa mbele au nyuma, kuna uwezekano wa kupata bei ya mtu anayetaka mzigo wa kurudia. Zaidi ya hapo, kampuni hiyo ina ofisi ambayo unaweza kuifikia kwa basi pindi kiti kinapopotea. Majirani zako wapya wanaijua, na katika jiji la ukubwa huu jina baya husambaa haraka.

Sasa bei. Kwa uhamisho wa kuvuka majimbo, sheria inaitaka kampuni ikupe makadirio ya maandishi baada ya kuvitazama vitu vyako, ama kwa kufika nyumbani au kwa video, isipokuwa wewe mwenyewe utie saini kuliondoa sharti hilo. Usiitie saini hiyo. Makadirio yako ya aina mbili. Yanayofunga yanataja kiasi ambacho hakibadiliki kwa vitu na huduma zilizoorodheshwa. Yasiyofunga hutegemea uzito halisi utakaopatikana kwenye mizani, lakini hata hapo sheria imeweka kizuizi: mzigo unapofika, kampuni haiwezi kukataa kuushusha ukilipa asilimia 110 ya makadirio, na salio, kama lipo, inatakiwa kusubiri walau siku 30 kabla ya kukudai. Gharama za huduma ulizoongeza mwenyewe baada ya makubaliano ni hesabu nyingine. Una haki ya kuwepo mzigo unapopimwa, na una haki ya kudai upimwe upya kabla ya kushushwa, bila malipo. Ukiona makadirio yanayohesabu futi za ujazo badala ya uzito, simama hapo hapo uulize, kwa sababu mzigo uliopangwa ovyo hujaza nafasi kubwa bila kuongezeka hata ratili (pauni) moja.

Mtu anayejua kizuizi hicho cha asilimia 110 anazungumza kwa sauti tofauti mlangoni. Asiyekijua hulipa. Kampuni inayoshikilia vyombo vya mtu ili alipe zaidi ya inavyoruhusiwa inavunja sheria ya taifa, na FMCSA hupokea malalamiko ya namna hiyo moja kwa moja. Lakini haki hiyo inakulinda vizuri pale tu ambapo una karatasi mkononi. Kama mabadiliko ya vitu au huduma yapo, makadirio mapya yaandikwe kabla ya kupakia. Anayekuletea karatasi ya bei mpya wakati milango ya lori imekwisha kufungwa hastahili saini yako.

Kuna ukurasa mmoja katika mkataba ambao watu wetu huutia saini bila kuusoma, nao ndio unaoamua utalipwa nini kitu kikivunjika. Una njia mbili. Ya kwanza ni ulinzi wa thamani kamili, ambapo kampuni inapaswa kukirekebisha kitu, kukibadilisha au kulipa thamani yake. Ya pili haiongezi gharama yoyote, na kwa hiyo huvutia: fidia yake ni senti 60 za dola kwa kila ratili ya kitu kilichoharibika. Tufanye hesabu. Televisheni ya ratili 40 italipwa dola 24. Kompyuta ya mkononi ya ratili 4 italipwa dola 2 na senti 40. Kinu cha kutwangia kisamvu chenye ratili 20 kitalipwa dola 12, yaani kinu kina thamani mara tano ya kompyuta, jambo ambalo bibi zetu wangelikubali bila ubishi. Mimi nachagua thamani kamili, hata kama gharama inauma, na dhahabu ya bi harusi pamoja na vyeti vya watoto vinasafiri kwenye mkoba wa mama, kamwe si kwenye lori.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni usumbufu na kwamba kuna kijana wetu mwenye gari ambaye atafanya kazi kwa nusu ya bei. Kwa kuhama kutoka fleti moja hadi nyingine ndani ya Des Moines, vijana wa kwaya na sufuria kubwa ya pilau wanatosha, na sioni kwa nini mtu atafute kampuni. Kuvuka majimbo ni habari nyingine. Kama kijana huyo hana usajili wala bima, ajali ikitokea Oklahoma hakuna wa kumdai, na utabaki na ugomvi wa kifamilia juu ya hasara. Mwenye bajeti ndogo ni afadhali akodi lori la kujiendesha, ambalo kubwa lake huwa na urefu wa futi 26, kisha awalipe vibarua wa kupakia huku na wa kushusha kule. Kwa njia hiyo swali la lori ni la nani lina jibu lililo wazi.

Kuhusu majira, nitasema kwa kifupi tu: kuanzia Mei hadi Septemba bei hupanda na malori hujaa, hasa mwisho wa mwezi, na Januari barabara ya Iowa inaweza kufungwa kwa theluji. Oktoba ni mwezi mzuri kuliko sifa zake.

Siku mzigo unapofika, mtu mmoja asimame mlangoni na orodha ya vitu, akiweka alama kwa kila namba inayoingia. Nyumba nyingi za huku zina chumba cha chini ya ardhi chenye ngazi nyembamba, na hapo ndipo kabati hukwaruzwa, kwa hiyo tazama kabla ya kutia saini na uandike kwenye orodha hiyo hiyo kilichopungua na kilichovunjika, hata kama madereva wanaonyesha kuwa na haraka. Dai la fidia linapelekwa kwa maandishi ndani ya miezi 9 tangu mzigo kufika. Kampuni inatakiwa kukiri kwamba imelipokea ndani ya siku 30, na kulijibu ndani ya siku 120, iwe kwa kulipa, kwa kutoa pendekezo la malipo au kwa kukataa. Ikikataa, bado unaweza kuomba usuluhishi, na kwa dai lisilozidi dola 10,000 kampuni haina ruhusa ya kuukwepa ukiuomba. Barua ya dai haihitaji wakili. Inahitaji namba ya hati ya shehena, yaani mkataba wa kusafirisha mzigo wako, picha zilizopigwa siku ile ile, na nakala ya ile orodha yenye alama zako.