Nyumba ya Fundi Saa wa Haarlem

Ukiwa Uholanzi, panda treni hadi Haarlem ukaione nyumba ya akina ten Boom, familia ya Kikristo iliyowaficha Wayahudi wasikamatwe na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Iko Barteljorisstraat 19. Chini bado ni duka. Makumbusho, yaliyofunguliwa 1988, yako juu, na huzunguki peke yako, unapitishwa na mwongozaji.

Wengi wetu tulioisikia habari hii kanisani tuliipata kama muujiza: Mungu aliwapofusha Wanazi, basi. Ukifika pale unaona muujiza wenyewe ulikuwa na fundi. Ghorofa ya juu, chumbani kwa Corrie, binti wa familia hiyo, ulijengwa ukuta wa pili, na nyuma yake upenyo wa kusimama tu. Ukuta huo ni wa matofali, kwa sababu ubao ukigongwa hutoa sauti ya uwazi, na wapekuzi walijua kugonga. Yaliingizwa kidogo kidogo, kwa kificho. Mlango ni rafu ya chini ya kabati la shuka: unapiga magoti, unatambaa. Halafu kulikuwa na mazoezi. Kengele ikilia, kila mgeni anabeba vitu vyake na kugeuza godoro, lisije likakutwa na joto la mtu, kisha anatoweka. Kwangu mimi hayo nayo yalikuwa maombi.

Tarehe 28 Februari 1944 walisalitiwa, na msaliti alikuwa Mholanzi mwenzao. Nyumba ilipekuliwa, lakini watu sita waliojibana nyuma ya ukuta, Wayahudi wanne na wanaharakati wawili, hawakuonekana. Walitolewa baada ya siku mbili hivi. Mzee Casper, fundi saa wa miaka 84, alifia kizuizini siku kumi baada ya kukamatwa. Binti yake Betsie alifia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, Desemba hiyo hiyo. Corrie akarudi.

Babu yake Corrie, Willem, alikuwa ameanzisha maombi kwa ajili ya Wayahudi katika nyumba hiyo 1844. Miaka 100! Wapo wanaoliita hilo jibu la maombi. Mimi amina yangu inakwama: jibu gani linalomzika mzee bila wanawe?

Lakini mahubiri hukimbilia msamaha. Corrie mwenyewe hakukimbia. Alisimulia kwamba alipokutana na mlinzi wa zamani wa Ravensbrück mjini Munich mwaka 1947, na mlinzi huyo akamnyooshea mkono, mkono wa Corrie uligoma kunyanyuka. Hapo ndipo wahubiri wetu wangetua kidogo, maana waumini wengi wako hapo hapo na mkono umegoma.