Kipara cha Upande Mmoja

Nyuzi nimeziona leo asubuhi, saa moja kasorobo, nami nimeshavaa kanzu ya Ijumaa na kofia yangu ya viua, boflo mbili mkononi, mtoto keshapanda vespa na mkoba wake wa skuli. Nyuzi nyeupe, zinachungulia kwenye mpira wa nyuma kama fulana ya ndani ya mtu aliyechanikiwa na shati harusini. Nikainama. Upande wa kulia kipara kitupu, unang'ara, ungeweza kujitazama ukachana nywele. Upande wa kushoto, sikwambii, kashata, yale matuta ya mpira, zimesimama wima, na vile vinywele vya mpira unavyotoka navyo dukani bado vipo. Vinywele! Mpira ni mmoja, lakini nusu yake kizee cha miaka 80, nusu yake haijabaleghe.

Aliyeniuzia aliupiga ngumi mbele ya macho yangu akasema, "Huu, sheikh, utakuzika." Miezi 10 tu. Nimeuzika mie.

Sasa usiniulize umekwenda kilomita ngapi, maana spidomita yangu ilishakufa, mshale umelala kwenye sifuri niende nisiende. Lakini hesabu naijua. Waliojenga ile reli ya kwetu Bububu, hapa Unguja, mwaka 1905, kutoka pale Ngome Kongwe mjini, walipima maili 7, na sijasikia kama Bububu imehama. Kilomita 11 hizo. Kwenda na kurudi 22, siku sita kwa wiki kwa sababu Jumamosi kuna mama mkwe. Tia harusi, tia maziko, tia kufuata gesi, miezi 10 inakuja kama kilomita 6,000. Na wenye vespa wanaojua kuandika daftari watakwambia mpira wa nyuma maisha yake ni kati ya 5,000 na 10,000, wa mbele kama mara mbili yake. Kumbe sikudhulumiwa. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, maana nilishajiandaa kudhulumiwa, na maneno ya kumwambia yule muuzaji nilikuwa nayo tayari.

Wa mbele wenyewe ukiutazama, mzima. Hana kazi yule. Wa nyuma ndio unaosukumwa na injini, ndio uliokaliwa na mimi, na mtoto, na mama mtoto, na mtungi. Wa mbele unaonyesha njia. Ofisini kwetu pia tumepangwa hivyo hivyo, na mie sikai mbele.

Halafu watu wanaulinganisha na mpira wa pikipiki! Ringi ya vespa yangu nchi 10, kisahani cha chai. Mpira wake unazunguka zaidi ya mara 700 kwa kila kilomita moja. Mpaka nifike mjini umeshapinduka mara 8,000. Wewe upinduliwe mara 8,000 kabla ya chai, uje uniambie kama utabaki na kashata.

Basi nikajikokota mpaka Mtoni, kwa fundi mipira mmoja mzee, miwani imefungwa uzi, chini ya mwembe. Nilikusudia dakika tano. Nitoe mpira, nitie mpira, salaam aleikum. Fundi akalegeza nati tano, akautoa, akauweka mapajani, akaanza kuupapasa taratibu, kimya, jicho moja kalifumba. Vile alivyoupapasa ungedhani anapiga ramli. Wanywa kahawa wa jirani wakasogeza vikombe. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki yake. Mvuvi mmoja aliyekuwa anapita na pweza wake akasimama, pweza ananing'inia.

"Mwanangu," fundi akasema, "umeoa?"

"Nimeoa."

"Anakaa vipi?"

"Alhamdulillahi, yuko salama."

"Nyuma ya vespa nakuuliza. Anakaa kwa kutanua au anakaa ubavu?"

Nikamwambia kwa heshima zangu zote: Mzee, nimeleta mpira, mke wangu sikumleta. Lakini barazani ukishaulizwa swali moja huulizwi na mtu mmoja tena. Kijana wa boda akasema wanawake wote wanaokaa ubavu hutelemsha miguu kushoto. Mvuvi akasema wake anatelemsha kulia. Akaulizwa ana vespa? Akasema hana, ana ngarawa, lakini kukaa ni kukaa. Mnywa kahawa mmoja akataka kujua uzito. Nikasema sijampima, mie si karani wa bandari. Na mtoto wangu, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, ambaye ada yake nimelipa juzi, akasema kwa sauti ya kusoma ubaoni: "Mama alipimwa hospitali, kilo 92."

Kimya. Hata pweza nilimwona kaacha kutikisika.

"Na upepo unaweka kiasi gani?" fundi akauliza.

"Wa kutosha."

"Unapima na nini?"

Hapa nilijaribu kukohoa. Ukweli ni kwamba mie mpira naupiga teke. Ukirudisha mguu, una upepo. Nikamwambia.

"Teke la kiatu au la kandambili?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akanisomea kama daktari: vespa kama hii mbele paundi 18, nyuma ukiwa peke yako 26, ukipakia mtu 36. "Na huyo wako ni mtu," akaongeza. Upepo ukipungua mpira unalala, unalika mabega yote mawili. Ukizidi unafura, unalika katikati. "Sasa wako," akasema akiuinua juu watu wote wauone, "umelika bega moja tu. Kwa hiyo teke lako lina makosa yake, lakini hili si la teke."

Yule kijana wa boda akadakia: hapo ni injini. Injini ya vespa imekaa ubavu wa kulia, kila mtu anajua, uzito umekwenda kulia, mpira nao unalika kulia. Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mie mwenyewe nikaitikia, maana injini si mke wangu. Fundi akaguna. "Injini ikikuvuta kulia, wewe unafanya nini? Unajiegemeza kushoto kidogo usianguke. Vespa ikilala kushoto, mpira unagusa chini upande gani?" Kijana akatazama juu. "Kushoto," akajibu mwenyewe fundi. "Ungelika huku kwenye vinywele." Kijana akawasha pikipiki yake, akajidai ana abiria.

Halafu fundi akanyosha mkono akachukua boflo yangu. Sikuwahi kusema bismillahi. Mkono wenyewe una grisi ya tangu zama za kipande. Akaiweka boflo juu ya boksi la spana, mgongo juu, akaokota kizibo cha soda.

"Hii barabara ya Bububu. Imeinuliwa mgongo katikati ili mvua ya masika iteremke pembeni. Sie twaenda kushoto, kwa hiyo uko huku, kwenye mteremko." Akakisimamisha kizibo wima kwenye bega la kushoto la boflo. "Vespa imesimama sawasawa. Barabara ndiyo iliyoinama. Tazama kizibo kinagusa wapi."

Tukainama wote, vichwa vimegongana. Wallahi kinagusa ukingo wa kulia, ule unaoelekea mgongo wa boflo.

"Kilomita 11 kwenda hivyo, 11 kurudi hivyo. Haya, na mtoto anasoma wapi?"

"Michenzani."

"Ahaa! Kiplefti!" Akaanza kukizungusha kizibo kuizunguka boflo ya pili, ambayo nayo sasa ikawa ndio mnara wa Michenzani. Jina kiplefti, akasema, lakini tazama mwili unalala wapi: unaingia kwa kushoto kidogo tu, halafu unazunguka huo mnara umelala kulia mpaka utoke. Kulia ile ile inayoliwa na barabara. Na hata kona za kawaida, ya kushoto unaikata fupi, ya kulia unaivuka barabara nzima.

Mie hapo nilifurahi kweli. Nikasimama nikaipangusa kanzu. Nikasema, basi jamani mmesikia, si mke wangu, si teke langu, ni barabara! Mvuvi akasema, "Lakini kilo 92 nazo." Nikamwambia pweza wako anakauka.

Boflo sikuzidai. Zilikuwa na alama za kizibo na vidole vitano vyeusi.

Sasa mpira mpya sikuwa na pesa yake, mwezi una tarehe zake, lakini nikakumbuka: ninalo gurudumu la akiba! Chini ya kifuniko cha ubavu wa kushoto, halijagusa ardhi tangu nimenunua vespa. Na uzuri wa vespa, fundi akasema, ringi ya mbele, ya nyuma na ya akiba ni moja, unahamisha unavyotaka. Aliyeichora, D'Ascanio, Mtaliana, mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na gurudumu akalishikisha upande mmoja kama mguu wa ndege, ulitoe bila kujipaka mafuta mpaka kwapani. (Nilitazama kanzu yangu. Mafuta yalikuwa kwapani.) Nikalitoa la akiba kwa mbwembwe, kashata zote, jeusi, jipya. Fundi akaliinamia, akasugua ubavuni kwa mate, zikatokea tarakimu nne kwenye kiduara: 1409.

"Ndio bei?" nikauliza.

"Wiki ya 14, mwaka 2009. Ndipo lilipozaliwa." Akalikunja kwa vidole gumba. Likafunguka nyufa kama kisigino cha mvuvi, na mvuvi akajitazama kisigino. Kumbe mpira usiotembea nao unakufa, kwa joto tu na miaka. Basi tusaidiane: ukitembea unalika, ukikaa unapasuka, sasa mwenye vespa afanyeje, aubebe begani?

Nikakopa. Msinitajie kwa nani. Mtoto kafika skuli saa tatu, mwalimu kaniandikia barua. Trafiki akanisimamisha njiani kuutazama mpira, leo ambapo ni mpya. Miezi miwili ya kipara alikuwa ananipungia mkono.

Nimefika nyumbani mchana, nimechoka, kanzu ina ramani ya Afrika. Mama mtoto akautazama mpira mpya, hakusema mashaallah, akasema: "Baba Asya, ule mkuukuu uko wapi? Si nilikwambia nautaka, niupandie mrehani."

Niliuacha Mtoni.

"Basi si ukaufuate. Na boflo ziko wapi?"

Vespa sikuthubutu kuigusa tena. Nimepanda daladala ya 502, nimeufuata. Baraza ile ile ipo, wamenipokea kwa kuniamkia "shikamoo Bwana Teke." Nimeuchukua mpira, nimeupachika begani juu ya kanzu, nimesimama kituoni na kofia ya viua, watu wanatoka msikitini wananipa pole wakidhani nimepatwa na ajali. Ndani ya daladala nimeuweka mapajani, kile kipara kinamgusa bibi mmoja mwenye buibui, anajisogeza, nami najisogeza. Konda akapita, akaipokea nauli yangu, hakuondoka.

"Ami, na wa mpira?"

"Mpira gani unalipa nauli?"

"Umekaa."

Nimelipa.