Nilivyochonga mishale sita kama penseli

Siku niliyomwambia mke wangu kwamba nakwenda nyuma ya nyumba kurusha mishale uchi, alinitazama, akatazama dirisha la jirani, kisha akasema, "Angalau vaa viatu."

Ilibidi nieleze. Aliye uchi ni mshale, si mimi. Kazi ya manyoya ni kuunyoosha mshale ukiwa njiani, na katika kufanya hivyo yanamsitiri mrushaji. Yavue, na kila kosa linabebwa wazi hadi kwenye shabaha. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mishale yako imepatana na upinde, unarusha mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, halafu unakwenda kuangalia ile miwili imeangukia upande gani wa wenzake.

Haya yote ni kwa sababu ya ubavu. Upinde wa asili, kama wangu wa mbao, haupitishi mshale katikati yake. Mshale hukaa ubavuni. Ukiachia ugwe, mshale unatakiwa ujipinde, uzunguke mti wa upinde, ujipindue upande wa pili, na uendelee kujinyonganyonga kama samaki hadi utulie. Ukiwa mgumu mno haupindi vya kutosha, basi unasukumwa nje. Ukiwa laini mno unapinda kupita kiasi na kuvuka upande mwingine. Ndiyo maana fito za mishale ya mbao huuzwa kwa makundi ya ugumu unaohesabiwa kwa ratili, 40 hadi 45, 45 hadi 50, na kuendelea. Wapimaji hulaza ufito juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, wananing'iniza uzito wa ratili mbili katikati, wanapima umebonyea inchi ngapi, kisha 26 inagawanywa kwa jibu hilo, na hizo ndizo ratili za ugumu.

Upinde wangu una nguvu ya ratili 45 nikiuvuta inchi 28, ambao ndio mvuto wangu. Fito nilizonunua ziliandikwa 70 hadi 75. Hoja yangu ilikuwa kwamba kigumu hakivunjiki, na siku ile niliiona hoja ya mtu mzima kabisa.

Nilikuwa na kijitabu cha maelekezo. Dibaji niliiruka, maana sijawahi kukuta kitu cha maana kwenye dibaji, nikaenda moja kwa moja kwenye mchoro. Ulikuwa safi: mshale uchi ukitua kulia ni laini, ukate uwe mgumu, ukitua kushoto ni mgumu, ongeza uzito wa ncha ulainike. Nikauegemeza kwenye ndoo niuone vizuri. Nikasimama hatua kumi na tano, mkono wa kulia umeushika upinde mbele yangu, wa kushoto umevuta ugwe hadi pembe ya mdomo, nikaachia.

Mitatu yenye manyoya ikakaa katikati kama ndugu. Miwili iliyo uchi ikatua kulia, upana wa kiganja.

Kulia. Laini. Kata.

Kufupisha mshale wa mbao si kama kukata muwa. Ncha ya chuma imegundishwa kwa gundi ya moto, kwa hiyo unaipasha kwenye mshumaa hadi gundi ilainike, unaichomoa kwa koleo ukipuliza vidole, unakata kwa msumeno wenye meno madogo, kisha unauchonga ufito upya ili ncha iingie. Kichongeo chenyewe ni ndugu wa kile cha penseli, ila kikubwa. Unazungusha, na maranda ya mbao yanatoka kwa mkanda mmoja mwembamba, una mawimbi pembeni na unanukia kabati jipya. Binti yangu wa darasa la tatu, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na madaftari yake, aliacha hesabu akaja kuokota zile kanda.

Nikaikata ile miwili kutoka inchi 31 hadi 30. Nikarusha. Ikatua kulia, sasa viganja viwili.

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nilisikitikia kiwanda: kumbe fito zao ni laini kuliko walivyoandika! Nikakata inchi nyingine. Ikaenda kulia zaidi, mmoja ukatoka kabisa kwenye shabaha na kuchoma gunia la majani lililokuwa pembeni likijistarehea.

Nikalaumu upepo, na majani ya mti hayakutikisika. Nikalaumu vidole vyangu kwamba vinaukwanyua ugwe badala ya kuuachia, nikapoteza nusu saa nikijifunza kufungua mkono kama mtu anayeacha ndege aruke. Nikapandisha alama ya kupachikia mshale kwenye ugwe, nikaishusha, nikairudisha pale pale. Mwishowe nikaamua tatizo ni woga: nakata kidogo kidogo mno. Na ili nisirudie kazi, nikakata yote sita kwa pamoja, yenye manyoya na isiyo nayo. Inchi 28.

"Baba," binti akasema, "mishale yako inaisha kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza."

Nikamwambia aendelee na hesabu.

Sasa hata yenye manyoya ilikuwa imeanza kuelekea kulia. Nikatazama mchoro. Mchoro ukasema kata. Inchi 27.

Naomba msomaji anikumbushe mvuto wangu ni inchi ngapi.

Nilivuta, nikahisi kitu chepesi, kisha nikahisi kitu baridi. Ncha ya chuma ilikuwa imerudi nyuma ya upinde, ikateleza kutoka mahali pake na kulala juu ya ngumi yangu ya kulia. Mshale ulining'inia kwenye ugwe kwa mkia tu, ukinielekea kifundo cha mkono. Ratili 45 zilikuwa zinasubiri vidole vitatu viseme sawa. Sijawahi kurudisha ugwe polepole vile. Ulichukua muda wa kutosha kukumbuka madeni yangu yote na wote ninaowadai.

Nikaketi chini. Binti akaja, akaokota kijitabu, akakigeuzageuza.

"Baba, mbona huyu wa kwenye picha anavuta na mkono wa kulia?"

"Ndivyo watu wanavyovuta."

"Wewe unavuta na wa kushoto. Si wewe ni mashoto?"

Akafungua dibaji. Mstari wa pili: maelekezo yote ni kwa wavutao kwa mkono wa kulia, mashoto wayageuze. Upinde wangu huweka mshale ubavu wa kulia, kwa hiyo mgumu kwangu husukumwa kulia. Mishale yangu ilikuwa migumu tangu ilipotoka dukani, na kila inchi unayoukata ufito huuongezea ugumu wa kama ratili tano. Nilikuwa nimejitengenezea mishale ya upinde ambao hata kuuvuta nisingeuweza, kwa urefu unaomfaa mtu mwenye mikono mifupi kuliko yangu.

Nikawaza nimpe binti. Upinde wake una nguvu ya ratili 15. Kwake ile ingekuwa nondo.

Nilinunua fito nyingine, za 55 hadi 60, nikaziacha na inchi zake 31. Kabla ya kurusha, binti alileta kioo cha mezani cha mama yake, akakisimamisha kwenye ndoo, akaweka mchoro mbele yake. "Soma humo," akasema. Herufi zilikuwa kinyumenyume, lakini yule mtu wa kwenye picha sasa alikuwa anavuta kwa kushoto, kama mimi.

Mishale uchi ikatua kulia kidogo, upana wa vidole viwili. Nikanyoosha mkono kuuchukua msumeno. Binti alikuwa ameukalia.