Maji ya Lindisfarne hayamvizii mtu

Kila msimu wa likizo picha ni ileile: gari limezama hadi vioo kwenye barabara ya kwenda kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, wenyewe wamejibanza kwenye kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo wakingoja kuokolewa. Utetezi nao ni uleule: "Maji yalikuja ghafla." Kauli hiyo inaniudhi, na inaniudhi zaidi ikitoka kwa mtu wetu, mwenye lugha iliyoipa jina kila hali ya bahari: kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu.

Kisiwa kiko Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. Mara mbili kwa siku bahari huifunika barabara, kila mara kwa muda wa saa tano hivi. Halmashauri ya kaunti hutangaza mapema saa salama za kuvuka, siku kwa siku. Fuata hizo, usifuate jedwali la maji la kawaida, kwa sababu jedwali hukuonyesha saa ya maji makuu, na lami huzama muda mrefu kabla ya hapo. Saa za jana usizitumie leo: maji husogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hupanda juu zaidi na muda wa kuvuka hupungua. Upepo mkali wa baharini unaweza kuyaleta maji kabla ya saa iliyoandikwa, kwa hiyo jiachie nusu saa ya akiba. Na mkipangiana safari kwa simu, semeni kabisa ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu. "Tunatoka saa saba" ina maana mbili, na moja inawapeleka majini.

Wakati wa kurudi ndipo kosa hutokea. Kutoka kijijini barabara hupita kandokando ya vilima vya mchanga, kavu kabisa, na bara unaliona mbele. Kisha inashuka kwenye tambarare ya mchanga, na karibu na upande wa bara kuna daraja dogo juu ya mkondo, jirani na kile kibanda. Hapo ndipo chini kuliko kote. Usitazamie wimbi. Maji hupanda kimya kupitia mkondo, hutandaa pande zote mbili, yakakutana juu ya lami. Ukifika hapo na kusita, nyuma yako nako kunajaa. Yanaonekana ya kifundo cha mguu, lakini maji yanayokwenda, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanatosha kuliinua gari dogo lielee, na chumvi ikishaingia kwenye nyaya hakuna fundi wa kukufariji. Ukiona maji barabarani, geuza. Ukishanaswa, liache gari, panda kibandani, piga 999 na uombe walinzi wa pwani.

Wanaotembea kwa miguu Njia ya Mahujaji, kama kilomita 5 kufuata nguzo zilizosimikwa mchangani, wana saa zao nyingine. Anza maji yakiwa yanapwa, ufike ng'ambo kabla hayajaanza kurudi. Kuna matope: peku au buti za mpira.

Wapo wanaodai geti la kuifunga barabara. Haya, nakubali geti lingezuia baadhi ya magari. Lakini bango lenye picha ya gari lililozama lipo tayari pale pa kuingilia, na watu hulipita.

Kinachonisikitisha hasa ni kwamba haraka hii yote ni ya kukimbia kile kilichostahili kuonwa. Watu huingia, hupiga picha ngome, hutoka. Kisiwa chenyewe huanza barabara ikifungwa. Msongamano huisha, kijiji hubaki na wakazi wake wasiofika 200, na ukisimama kimya unawasikia sili, wale wanyama wa baharini, kwenye fungu la mchanga, sauti zao ndefu kama watu wanaoomboleza mbali. Mtawa Aidan alianzisha monasteri hapa mwaka 635. Mtawa mwingine, Cuthbert, aliyekuja baadaye, aliona hata kisiwa hiki kina watu mno. Mbele ya kijiji kipo kijisiwa kinachobeba jina lake, nacho hukatwa na maji kivyake. Kitazame maji yakijaa, kinapobaki mwamba na msalaba tu, ndipo utaelewa kwa nini watu hawa waliichagua bahari iwe mlango wao.

Ngome za Dunstanburgh na Bamburgh, na ukuta wa Hadrian wa zama za Warumi, vinaweza kungoja siku nyingine. Havifungwi na maji.

Vyumba vya kulala ni vichache, weka nafasi mapema. Ukikosa, tafuta siku ambayo barabara inafungwa mchana. Ingia asubuhi na chakula chako na koti la upepo, egesha kwenye uwanja ulio kabla ya kijiji, lipia siku nzima. Pita ngomeni, chini yake utaona mashua kuukuu zilizopinduliwa zikawa mabanda, kisha endelea ufukweni hadi Emmanuel Head, kwenye piramidi nyeupe ya kuongozea mabaharia. Kaa hapo maji yakipanda. Jioni, barabara ikishafunguka, subiri kidogo lami ichuruzike, ndipo uwashe gari.