Mbio 30 kwa Mwaka Mmoja

Nilikulia Nakuru, na kwetu sisi watoto mbio za magari zilikuwa Safari Rally basi. Tulisimama kando ya barabara tangu alfajiri, gari likapita kwa sekunde chache, tukajaa vumbi hadi kwenye kope, kisha tukarudi nyumbani kuungoja mwaka mwingine. Nilipohamia Uingereza na kupata kazi ya usiku katika ghala moja mjini Derby, niligundua kwamba uwanja wa Donington Park hauko mbali, nikaanza kwenda huko kila nilipopata Jumapili ya mapumziko. Kilichonivuta hakikuwa magari makubwa. Nilivutwa na mbio za vijana wa Formula 4, ngazi ya chini kwenye njia ya kuelekea Formula 1, ambao wengine wao wana umri wa miaka 15 tu.

Msimu nilioufuatilia kwa karibu zaidi ni ule wa mwaka 2017. Magari yote ya kiti kimoja yalikuwa ya aina moja, yaani bodi ya Mygale na injini ya Ford ya lita 1.6, kwa hiyo tofauti ilibaki kwa dereva na mafundi wake. Kulikuwa na duru 10, kila duru ikiwa na mbio tatu, kuanzia Brands Hatch mwezi wa Aprili, kupanda hadi Knockhill kule Uskoti, na kurudi Brands Hatch kumalizia. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nione wivu, na nasema wivu kwa maana yake halisi. Kijana aliyekosea breki Jumamosi alikuwa na mbio mbili za Jumapili za kujirekebisha, na baada ya majuma machache alikuwa na nyingine tatu. Kijana wa kwetu akipinduka katika hatua ya kwanza ya rali, hukaa miezi akitafuta vipuri, na kosa lile hulibeba kichwani bila kupata pa kulisahihishia.

Hata hivyo, siungani na wenzetu wa ughaibuni wanaoisifu Ulaya kana kwamba mlango wake u wazi kwa kila mwenye kipaji. Msimu mmoja wa Formula 4 hugharimu pauni laki kadhaa, na fedha hizo hutoka kwa wazazi au wadhamini. Bingwa wa mwaka ule alikuwa Jamie Caroline. Wa pili alikuwa Oscar Piastri, aliyetoka Australia, na wa tatu Logan Sargeant wa Marekani. Mwaka 2023 Piastri na Sargeant walianza kushindana katika Formula 1; Caroline, aliyewashinda wote wawili, hajawahi kufika huko. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba huku mwenye bidii hafungiwi njia, hukumbuka jedwali lile la pointi.

Jambo ambalo kweli ningependa tulichukue nililiona siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 2017, pale pale Donington. Katika mbio ya tatu, Billy Monger, kijana wa miaka 17, aligonga kwa nyuma gari lililokuwa limesimama njiani. Uwanja mzima ulinyamaza. Waokoaji walihangaika kwa muda wa saa moja na nusu hivi kumtoa katika mabaki ya gari, kisha akapelekwa kwa helikopta hospitalini Nottingham, na akapoteza miguu yote miwili. Timu yake ilianzisha mchango wa kutafuta pauni 260,000, na kiasi hicho kilipitwa kabla siku haijaisha. Mwaka 2018 alirudi kushindana katika Formula 3 ya Uingereza kwa gari lililorekebishwa kwa ajili yake, baada ya kanuni iliyowazuia walemavu kushindana katika magari ya kiti kimoja kubadilishwa, na mwaka 2019 alishinda mbio za Pau, Ufaransa. Jambo lenyewe ni hili: watu wanaopeperusha bendera kwenye kona na kukimbilia gari lililoanguka, huku, kwa sehemu kubwa ni wa kujitolea: walimu, mafundi wa mabomba, wastaafu, ambao hufunzwa kwanza na hurudi uwanjani kila duru, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwetu watu hawakosekani. Joginder Singh alishinda Safari mara tatu na Shekhar Mehta mara tano, na tangu rali hiyo irejee katika mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha hufurika. Tuna viwanja vya gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, na otokrosi, yaani mbio za magari kwenye njia ya udongo, ina madaraja ya watoto, lakini macho na fedha zetu, zikiwemo za serikali, huelekezwa kwenye zile siku chache za Safari, ilhali mashindano madogo hubakia kwa familia zinazojiweza. Naomba sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya kiwanja kimoja cha lami Nakuru, gokati 20 zinazomilikiwa na kaunti ili mtoto wa fundi wa gereji aje na kofia yake tu, kikosi cha uokoaji kilichofunzwa, na tarehe 10 za mwaka zilizobandikwa ukutani mwezi wa Januari na zisizoahirishwa.